Bibi wa Mwezi wa Kumi

Sanduku la Mama lilinipa harufu kabla ya kunionyesha kitu. Nilikuwa nimejiandaa kulia nikiona vitenge vyake, lakini kilichonitoa machozi ni mawese, mawese ya zamani yaliyoingia kwenye karatasi na kukaa humo miaka mingi, harufu nzito yenye moshi kwa mbali. Ilikuwa Jumamosi, siku ya nane tangu tumzike. Baba alikuwa ametangulia miaka michache nyuma. Baba mdogo, mdogo wake Baba anayeishi Amerika, alikuwa amenipigia simu akiniomba nimtafutie kitu chochote ambacho shemeji yake alikishika kwa mikono yake, hata kama si cha thamani.

Chini ya vitenge, ndani ya mfuko wa plastiki, nikakuta ukurasa wa kalenda uliokunjwa mara nne. Mwezi wa kumi. Juu ya tarehe kulikuwa na picha ya mama mmoja mweusi, mzee, kilemba kichwani, mikono mapajani, anamtazama mpiga picha kwa jicho la kusema maliza upesi nina kazi. Pembeni palikuwa na alama za vidole vya mafuta, zilizokuwa nyekundu na sasa zimekuwa kahawia. Nikakaa sakafuni. Kwa mwaka mzima wa utoto wangu mama huyu alikuwa bibi yangu, mzaa baba. Sikuwa nadhani, nilikuwa najua, kama ninavyojua kwamba ziwa liko upande jua linakozama.

Tulirudi Rumonge, Burundi, nikiwa na miaka saba. Nasema tulirudi kwa sababu watu wazima walisema hivyo. Mimi nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza. Nilizaliwa kambini Tanzania, upande wa Kigoma, na nilijua mambo ya kambini: foleni ya maji, unga wa njano, kadi ya familia ambayo Mama aliilinda kuliko sisi. Mwaka ule kambi yetu ilipofungwa, familia iligawanyika njia mbili. Baba alisema yeye anakwenda kuzeekea alikozaliwa. Baba mdogo, aliyetoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake na hakukumbuka hata mti mmoja wa huko, alipita kwenye mahojiano, akapimwa kifua, akapanda ndege na mke wake kwenda Amerika kukata kuku kiwandani. Waliagana bila kugombana, jambo ambalo baadaye lilinishangaza, maana waligombana kwa simu kila Jumapili miaka yote iliyofuata.

Mjini Rumonge tulipanga vyumba viwili kwa Mama Hadija, nyuma ya soko, katika mtaa wanaouita kartye ya Waswahili. Miezi michache baadaye mzigo wetu wa kwanza kutoka Amerika ukafika, umebebwa na mtu wa kanisa: viatu vya Baba vilivyomzidi, sabuni za kunukia ambazo Mama alikataa tuzitumie, na kalenda. Kalenda ilitoka kwenye kanisa la watu weusi alikosali Baba mdogo. Kila mwezi ulikuwa na picha ya mtu mweusi mmoja, na chini yake maneno ya Kiingereza ambayo hakuna aliyeyasoma nyumbani kwetu, na miaka miwili yenye kistari katikati, kama inavyoandikwa kwenye misalaba ya makaburi. Mama akaigongea msumari sebuleni. Ukuta wetu haukuwa na kitu kingine.

Sasa, yeyote aliyekulia pwani ile ya ziwa ataelewa kosa langu. Dukani na ofisini hutundikwa mkuu wa nchi. Nyumbani hutundikwa watu wa nyumba. Kwa Mama Hadija palikuwa na marehemu baba mkwe wake na kofia yake, na harusi za binti zake watatu, na mjomba aliyezama ziwani akitoka Uvira. Kwa mchungaji palikuwa na watoto wake siku ya ubatizo. Ukiingia nyumba ya mtu unatazama ukuta kwanza, unajua uko kwa nani. Sikuwahi kuona mtu aliyemtundika mtu baki sebuleni kwake. Kwa hiyo sikuuliza. Nani anauliza kama watu walio ukutani kwao ni wa kwao?

Nilifurahi, nisidanganye. Kambini nilikuwa mtoto asiye na babu wala bibi, na sasa nimeletewa ndugu kumi na wawili kwa mara moja, wote wamevaa vizuri. Nikawapangia vyeo. Mwanaume wa koti aliyefungua kinywa mbele ya kipaza sauti nilimfanya babu, kwa kuwa Baba naye akiomba kanisani hufungua kinywa vile vile. Yule wa glavu za ndondi nilimpa ujomba, kwa sababu wajomba ni wachokozi. Mama aliyekaa dirishani ndani ya basi nilimfanya shangazi aliyesafiri. Na yule mzee wa kilemba, wa mwezi wa kumi, akawa bibi yangu hasa, mama yake Baba, ambaye jina lake nililisikia tangu utotoni, Anastaziya, na ambaye alifariki kambini mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Kila asubuhi kabla ya shule nilimwamkia. Mwezi wa kumi na moja ulipofika Mama akataka kufunua ukurasa, nikalia hadi akauacha. Nyumba yetu ilikaa katika mwezi wa kumi mpaka Noeli, na Baba akalalamika kwamba anaishi na wanawake wasiotaka mwaka uishe.

Wakati huo wote kulikuwa na jambo moja tu lililozungumzwa mezani kwetu, nalo ni kiwanja. Kilikuwa kwenye mteremko unaotazama ziwa, upande wa barabara ya Nyanza-Lac, na michikichi ambayo babu aliipanda kabla ya ule mwaka wa mauaji ambao wazee huutaja kwa kushusha sauti. Mwaka huo babu aliuawa. Bibi Anastaziya akakimbia na wanawe wawili. Baada ya hapo utawala wa wakati ule ukawapa kiwanja watu wengine, mzee Denisi na mkewe Bibi Skolastika, wakaambiwa hapana mwenyewe. Wakajenga, wakafuga mbuzi, wakazaa watoto sita, wakala mawese ya michikichi ya babu kwa miaka zaidi ya thelathini. Hawakuwa wezi, na sisi hatukuwa waongo. Hilo nalijua leo. Wakati ule nilijua tu kwamba tukishindwa, hatuna pa kwenda. Baba alilisema waziwazi, kwamba kodi ya vyumba viwili haiwezi kuwa maisha, na Tanzania wameshafunga mlango.

Shuleni watoto waliniita Mutanzania. Kirundi changu kilikuwa cha kambini na Kifaransa sikuwa nacho kabisa, na mtoto mmoja wa darasa la pili aliniambia kila mapumziko, bila hasira hata kidogo, "Rudi kwenu." Maneno hayo niliyafahamu. Kule kambini pia, wenyeji wakituchoka, walituambia turudi kwetu. Nikaanza kufikiri kwamba kwetu ni mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika.

Jumapili moja simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, Baba na mdogo wake wanabishana kama kawaida.

"Na huko kwako wanakwambiaje?" Baba akauliza. "Wanakuita bwana mkubwa?"

"Kaka, huku nako vile vile. Juzi nimetoka dukani na mke wangu, mzee mmoja mzungu anatufokea turudi kwetu. Hata mfuko wa mchele sijauweka kwenye gari."

Wakacheka wote wawili, kicheko kirefu ambacho sikukielewa.

"Na hao weusi wenzako?"

"Wako wanaonipenda. Kanisani wananipenda sana. Kazini wako wanaosema mimi si wao. Mmoja aliniambia, babu zetu waliletwa na minyororo, wewe umeletwa na ndege, usijifanye unajua tulipotoka. Na polisi akinisimamisha barabarani haniulizi nimeletwa na nini. Mikono juu ya usukani, basi."

"Ndiyo umechagua hivyo," Baba akasema. "Umekwenda kuishi kwa watu waliouza watu."

"Na wewe umerudi kuishi kwa watu waliomwua baba."

Mama, aliyekuwa anachambua dagaa, akafuta mikono, akaivuta simu kwake. "Shemeji," akasema, "leo umekula nini?" Akaulizwa yeye pia, akajibu, wakaendelea na habari za chakula mpaka pesa za simu zikaisha.

Watu wa tume ya ardhi walikuja mara mbili. Walikaa katika darasa la shule ya msingi, kwenye madawati yetu, magoti yao yakigusa meza. Mara ya kwanza mwenyekiti, mwanaume mnene mwenye sauti ya upole, alimuuliza Baba ana ushahidi gani kwamba mama yake aliishi pale. Shahidi hakuwepo, waliokuwa majirani ama walikufa ama waliogopa.

"Karatasi munayo?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana."

"Hata foto moja ya uyo mama? Foto tu, tujue alikuwako."

"Hatuna picha yake," Baba akasema, na sauti yake ikawa ndogo.

Nilikuwa mlangoni na nilishangaa mno. Hatuna picha yake? Iko ukutani, mwezi wa kumi! Nikafikiri Baba ana mpango, kwamba watu wazima huacha kitu kikubwa mwishoni. Lakini siku zilivyopita niliona hana mpango wowote. Alikuwa anakaa tu, halafu anasimama, halafu anakaa. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba labda Baba mdogo aliona mbali. Ndipo nikaamua. Kama Baba amesahau kwamba mama yake yuko sebuleni, mimi sijasahau.

Siku ya kikao cha pili niliichomoa ile picha kwenye kalenda taratibu, nikaikunja mara nne, nikaiweka ndani ya sare yangu. Darasa lilijaa. Mzee Denisi alizungumza kwanza, akimwambia mwenyekiti.

"Bwana prezida, sisi tuko hapa tangu ile myaka. Batoto yangu yote walizaliwa kwenye hii parsele, kwenye hiki kiwanja. Hawa wanatoka Tanzania na maneno tu. Maneno kila mutu iko nayo."

Mwenyekiti akamgeukia Baba. Kabla Baba hajafungua kinywa nikapita katikati ya madawati, nikaikunjua karatasi mezani, nikasema kwa sauti niliyotumia kujibu hesabu: "Huyu ndiye bibi yetu. Mama yake Baba. Alikaa kwenye kiwanja chetu."

Kulikuwa na katibu kijana aliyesoma Uganda na kujua Kiingereza. Akainama, akasoma maneno ya chini ya picha, akaziba mdomo kwa kiganja. Mwenyekiti akamwamuru asome.

"Inasema huyu mama alizaliwa mtumwa, kule Amerika," katibu akasema. "Akatoroka. Halafu akarudi mara nyingi kule alikotoroka, kuchukua wengine."

Darasa zima likacheka. Mzee Denisi alipiga meza kwa furaha. "Munaona? Munaona? Wameleta Mwamerika!" Mwenyekiti hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema kwa upole wake kwamba ni aibu kumfundisha mutoto kuongopa mbele ya tume. Nilimtazama Baba ili awaambie wamekosea. Baba alikuwa anatazama sakafu. Hapo ndipo nilipojua kwamba yule mama si bibi yetu.

Katika kelele zile mtu mmoja tu ndiye aliyenyoosha mkono kuitaka ile karatasi. Ni Bibi Skolastika. Alikuwa ametoka kukamua mawese asubuhi, vidole vyake vyekundu mpaka kwenye kucha. Akaishika karatasi karibu na macho.

"Alirudi?" akamuuliza katibu.

"Ndiyo imeandikwa hivyo, mama."

"Mahali alipokimbia? Akarudi kwa miguu yake?"

"Egome, mama. Ndiyo."

Hakuirudisha karatasi. Akabaki nayo.

Mama akasimama. Mama yangu hakuwa msemaji. Kanisani aliimba mstari wa nyuma. Lakini siku ile alisimama akafunga kitenge chake upya kiunoni, na nilipoona hivyo nilijua anakasirika, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofanya kabla ya kunichapa.

"Mtoto hakudanganya," akasema. "Mtoto amekosea. Mliomba picha, ameleta aliyokuwa nayo. Mama mkwe wangu alikimbia na watoto wawili, mmoja mgongoni, mmoja amemshika mkono, na mkono wa pili ameshika sufuria. Picha angeishika kwa mkono upi?"

Akamgeukia katibu.

"Nimemuuguza miezi saba mpaka amekufa. Mwishoni alikuwa hazungumzi habari za watu. Alizungumza shimo lake. Alikuwa na shimo la kukanyagia chikichi, nyuma ya nyumba. Hatua kumi na mbili kutoka mlango wa nyuma, ukitazama ziwa. Chini ametandaza mawe ya mtoni. Mawe tisa. Nane meusi, moja jeupe. Alikuwa ananihesabia kila siku, kama mtu anayeogopa litapotea. Wewe unayeandika, andika: tisa, moja jeupe. Halafu twende tukachimbe."

Mwenyekiti alitaka kukataa, lakini katibu alikuwa ameshaandika, na watu walikuwa wameshainuka kwenye madawati, maana kuchimba kunatazamika kuliko maneno. Tukapanda mteremko wote, kundi zima. Mama akaazima jembe kwa jirani.

Tatizo likaonekana mara moja. Nyumba ya bibi haikuwepo tena. Nyumba ya mzee Denisi ilijengwa mahali pengine, na mlango wa nyuma wa zamani hakuna aliyeujua. Baba alikuwa na miaka sita walipokimbia; alizunguka, akasimama, akasema labda hapa. Mama akahesabu hatua kumi na mbili, akachimba mpaka magotini. Udongo mtupu. Baba akasema labda pale. Mama akahesabu tena, akachimba. Shimo la tatu alilichimba katikati ya muhogo wa mzee Denisi, naye akasema kwa sauti aendelee tu, msimu umekaribia, anamlimia bure. Watu wakacheka, kisha wakachoka kucheka, wengine wakaanza kushuka. Jua lilikuwa kali. Mwenyekiti akatazama saa.

"Mama, imetosha."

"Haijatosha."

Baba akamgusa bega. "Mama Vene, tuache. Tumeshaaibika vya kutosha."

"Wewe ukichoka, kaa," Mama akamwambia, bila kuinua uso. "Mimi sijachoka."

Nilikuwa nimesimama kando nikilia kimya kimya, najua yote haya nimeyaleta mimi. Nikamwendea, nikaanza kutoa udongo kwa mikono. Hakunifukuza. Akasogea kidogo nipate nafasi.

Tulikuwa kwenye shimo la nne Bibi Skolastika alipoinuka kutoka kwenye kizingiti chake. Alikuwa amekaa pale muda wote, ile karatasi mapajani.

"Unachimba pabaya," akasema.

"Skola, nyamaza," mzee Denisi akamwambia.

"Nimenyamaza myaka yote hii, muzehe. Imenisaidia nini?" Akaonyesha banda la mbuzi. "Mulango ulikuwa pale kwenye mufereji. Shimo liko chini ya mbuzi. Siku tunaingia hapa, lilikuwa na mafuta ndani. Mafuta mazuri, ya siku mbili tatu. Nilikuwa mugeni wa ndoa. Nikamwambia uyu bwana wangu, hapa iko mwenyewe, hakumaliza kazi yake. Akasema tumepewa. Nikalijaza udongo mimi mwenyewe, nisilione tena."

Mzee Denisi akaenda kukaa mbali, ametugeuzia mgongo. Vijana wakatoa mbuzi. Mama akaingia bandani, akaondoa samadi, akachimba, na safari hii jembe likagonga mawe. Alitupa jembe, akapiga magoti, akayafukua kwa vidole. Katibu akainama akihesabu kwa sauti. La tisa lilikuwa pembeni, na Mama alilisugua kwa ncha ya kitenge chake mpaka weupe ukatoka. Udongo wa kati ya mawe ulikuwa bado mwekundu wa mawese. Baba, mwanaume mzima, aliweka paji la uso chini.

Na mimi, nisiye na aibu, nikamwambia kila aliyekuwa karibu: "Si niliwaambia?"

Tume haikutupa kiwanja chote. Walikigawa, kama walivyogawa vingi pwani ile. Sehemu ya juu yenye nyumba ikabaki kwa mzee Denisi, sehemu ya chini yenye shimo na michikichi kumi na minne ikawa yetu. Baba aliona ni nusu ya haki na alilisema hilo mpaka anakufa. Mama hakulalamika hata siku moja. Hatukupendana haraka na wale wa juu. Mzee Denisi hakutuamkia kwa miaka miwili. Lakini msimu wa kwanza wa chikichi Bibi Skolastika aliteremka na sufuria yake, akamrudishia Mama ile karatasi, na bila kuombwa akashika upande wa pili wa pipa la kuchemshia chikichi.

Jumapili baada ya kikao Baba aliishusha kalenda, akaniweka karibu naye. Alikuwa amempigia mdogo wake kuulizia kila picha. Akanieleza mmoja mmoja. Huyu wa kipaza sauti alitaka weupe na weusi wakae meza moja, wakamwua. Akiwa hai wengi walimchukia, leo wanampa majina ya barabara. Huyu wa ndondi alikataa kwenda vitani, wakamnyang'anya mkanda. Huyu wa basi aliambiwa amwachie mzungu kiti, akabaki amekaa, wakamkamata. Nilimuuliza kama ina maana si shangazi. Akasema si shangazi. Nililia kama mtu aliyefiwa na watu kumi na wawili kwa siku moja, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Baba hakunicheka. Alisema, "Hata mimi ningewataka."

Shule ilipofunguliwa kurasa zile zilifanyiwa kazi ambayo kalenda zote za Rumonge hufanyiwa mwaka ukiisha: zikafunika kaye zangu, yaani daftari. Hesabu ikavaa bondia, Kifaransa kikavaa mama wa basi. Nilikuwa nikisukumwa kwenye benchi na watoto wa mbele namtazama huyo mama, nashika ubao wa benchi kwa mikono miwili, sitoki. Kaye ya Kirundi ilibaki uchi. Nilimwomba Mama ukurasa wa mwezi wa kumi, akasema, "Huo hapana," na sikuuona tena hadi Jumamosi ile.

Niliugeuza pale sakafuni. Nyuma, kwa kalamu ya bluu, kwa herufi za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani kwenye darasa la kanisa, Mama alikuwa ameandika: Anastaziya, mama ya bwana wangu. Alikuwa na mawese tisa. Alikusudia mawe, nadhani, akakosea, na hakufuta.

Niliupiga picha pande zote mbili, nikamtumia Baba mdogo. Nikashuka mpaka kwenye shimo, ambalo sasa lina ukuta mdogo wa matofali kando ya mashine yangu ya kukamulia, nikalipiga nalo. Akapiga simu kabla sijarudi ndani.

"Huyu si mama," akasema.

"Najua, Baba mdogo."

"Mama alikuwa mwembamba." Nikamsikia anapumua. "Lakini jina ni lake."

"Ndiyo."

Kisha akaniambia habari za binti yake mdogo, aliyezaliwa huko huko na hajawahi kuliona ziwa. Shuleni kwake wazazi wanagombana kama habari za utumwa zifundishwe au ziachwe, eti zinawaumiza watoto. Na wiki hii, uwanjani, mwenzake amemwambia arudi kwao. Siku hizi, akasema, watu wanalisema hilo bila hata kushusha sauti, na yeye ameanza kutembea na karatasi zake zote mfukoni, za mkewe pia. Mtoto amemuuliza kwao ni wapi, naye ameshindwa kumjibu.

"Mwambie kwao ni hapo hapo alipokaa, asiinuke," nikamwambia. "Na siku atakapotaka kuja huku, aje mikono mitupu. Sisi hatutamwomba picha."